Huile ya Fourche na Heshima ya Mama Mkwe

Vijana wangu wa Nyawera, hapa Bukavu, nyinyi mnaofungua injini asubuhi na kuifunga jioni huku nati nyingine zimebaki mfukoni, nimesikia mnavyosema juu ya ile miguu ya mbele ya pikipiki: fourche si kazi ya fundi, fourche ni chuma tu. Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu mimi nimestaafu, na mtu aliyestaafu akisema sana watu hufikiri anataka kurudishwa kazini. Sitaki. Mgongo wangu umekataa kuinama na mimi nimekubaliana nao. Lakini fourche ni chuma tu? Hapo mmenigusa.

Huile ya injini, yale mafuta yake ya kulainisha, kila mtu anaibadilisha, maana injini ikikosa huile inapiga kelele mpaka jirani anatoka nje. Fourche haina kelele. Inachakaa kwa adabu. Dereva anaizoea kidogo kidogo, hata siku mikono inapokufa ganzi analaumu njia. Njia zetu zinalaumiwa kwa haki, sikatai, ila si kwa kila kitu. Nimewauliza madereva wengi wenye pikipiki, au moto kama tunavyoziita hapa, ambazo wamezeeka nazo, lini walibadilisha huile ya fourche. Wananitazama kama nimewauliza lini walibadilisha mate ya kinywani. Mmoja aliniuliza kwa upole kama mule ndani kuna huile kweli.

Iko. Ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu ina vitu viwili tumboni: resori, ule waya mzito uliojiviringisha, na huile. Resori inabeba mzigo. Huile inaiambia resori polepole. Resori bila huile ni mtoto aliyekula sukari. Huile ikiwa nyembamba mno, ukifunga frein, yaani breki, pua ya moto inazama na aliye nyuma anakuja kukusalimia mgongoni. Ikiwa nzito mno, moto haizami, lakini kila shimo unalihesabu kwa meno. Kazi yote ya fourche ni kutafuta mahali kati ya hayo mawili, na niwaambie mapema, mahali penyewe ni padogo.

Aliyenifundisha ni Muzee Kashindi, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, aliyejifunza kazi kwenye gereji ya misioni akatoka huko na ufundi pamoja na tabia ya kukaripia. Macho hakuyaamini sana. Aliamini pua. Huile ya fourche ikioza inanuka samaki, nanyi mnaweza kucheka lakini nendeni mkanuse. Alikuwa anaimwaga kwenye beseni, anainamisha kofia, ananusa, kisha anatangaza umri wake kama mganga. Siku moja tulifungua fourche nyingi kwa pamoja, paka wa soko wakaja wakaketi mbele ya gereji wakisubiri zamu yao. Mama aliyekuwa akiuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, kando yetu alitushtaki kwa chifu wa soko kwamba tunamwibia wateja.

Basi njia ya Muzee ndiyo hii, na sijaona video kwenye simu zenu inayoishinda. Legeza vile vifuniko vya juu kidogo moto ikiwa bado imesimama kwa miguu yake. Halafu weka casier, kreti ya bia, tupu, chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie. Muzee alisisitiza iwe tupu kwa sababu anazozijua yeye. Ndipo ufungue vifuniko mpaka mwisho, ukivikandamiza kwa kiganja, maana resori iko chini yake imekunja uso na inasubiri. Fundi mwenzetu mmoja aliyejiita Express hakupenda kukandamiza, aliona ni kupoteza muda. Kifuniko kiliruka, kikapita juu ya kichwa chake, kikatumbukia kwenye sufuria ya maharagwe ya mama wa malewa, kibanda cha chakula, aliyekuwa anapika jirani. Tulikitafuta kwa mwiko. Mpaka leo kuna wateja wanaosema maharagwe ya siku ile yalikuwa na ladha ya pekee.

Ukishatoa kifuniko, fungua ile skrubu ndogo chini ya kila mguu, acha uchafu utoke, uipampu fourche mpaka isitoe hata tone. Osha ndani kwa petroli ya taa, mwaga, osha tena. Hapo ndipo wengi wenu mnachoka. Mnatia huile mpya juu ya matope ya zamani, ni sawa na kuvaa shati la Pasaka bila kuoga.

Sasa kuchagua. Kuna huile ya dix, yaani kumi, nyembamba. Ya quinze, kumi na tano, ya katikati. Ya vingt, ishirini, nzito. Ukikosa zote, ile nyekundu ya gari lenye boîte automatique, gia zinazojibadilisha zenyewe, inakaribia dix, nimeitumia miaka mingi na hakuna aliyekufa. Ukitaka ya katikati na huna, changanya nyepesi na nzito za kampuni moja. Lakini kumbuka tunakaa wapi. Bukavu asubuhi ni koti. Kamanyola mchana ni kikaango. Huile ile ile inayokuwa nzito hapa, ukishuka nayo kule bondeni inageuka maji. Dereva mmoja wa njia ile aliniomba kwa moyo safi nimwekee huile ya kwenda na huile ya kurudi. Nilimjibu kwamba nitamwekea huile ya mahali anapolalamika zaidi. Alifikiri kidogo akasema analalamika kote. Nikamwekea quinze.

Nawaeleza haya yote ili mumwelewe Byamungu.

Byamungu alikuwa dereva wa parkingi ya Nyawera, pale moto zinaposubiri abiria, mtu mrefu, mtaratibu wa maneno, mkali wa frein. Moto yake ilikuwa ya Kijapani, ya zamani, urithi wa baba yake mdogo, na tangi lake lilikuwa limepakwa rangi mara nyingi hata rangi ya kwanza imebaki hadithi ya familia. Alikuwa amemuoa Nsimire, binti wa kule Mudaka. Na Nsimire alikuwa na mama.

Kwa mila ya nyumba ile, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni, hata maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Mama anasema, "Nsimire, ambia bwana yako chakula kiko tayari," na bwana mwenyewe yupo palepale anasikia na njaa yake. Vijana mnacheka. Chekeni. Siku mtakapopata mama mkwe wa kwenu mtaona kwamba ile mila ilitungwa na watu wenye akili.

Jicho moja la Mama Nsimire lilikuwa limeshazima. La pili likaanza kuingia ukungu. Daktari wa macho mjini akasema lipasuliwe upesi, na kabla na baada ya hapo awe anakuja kukaguliwa, la sivyo la pili litamfuata mwenzake. Hiyo ilikuwa habari nzuri. Habari mbaya ilikuwa njia. Nyumba yake iko juu ya Mudaka, ndani ya mashamba, ambako gari halifiki, ni moto tu. Dereva mmoja wa huko alishawahi kumwangusha mtaroni pamoja na ndizi zake, naye akaapa kutopanda tena moto ya mtu asiyemjua. Magari ya barabarani nayo yalikuwa yanamtapisha. Ukitoa hao wote, anabaki Byamungu, yaani yule mwanamume mmoja duniani ambaye hapaswi kumgusa.

Safari ya kwanza mama aliweka kikapu katikati, kati ya tumbo lake na mgongo wa mkwe, kama mpaka wa nchi. Mikono akaifunga nyuma kwenye porte-bagage, kile chuma cha kubebea mizigo. Wakateremka vizuri mpaka kwenye dodane ya kwanza, yale matuta yanayojengwa na watu wasiopanda moto. Byamungu akafunga frein. Fourche, ambayo haikuwa imeona huile mpya tangu enzi ya baba yake mdogo, ikazama mpaka chini. Kikapu kikawa chapati, na mama mkwe akalala mgongoni kwa mkwe wake mbele ya wauza parachichi wote wa barabara ile.

Kwa kuwa Nsimire hakuwepo kuwa mtu wa tatu, mama aliisemesha moto. Ndivyo alivyokuja kufanya kila walipokuwa wawili njiani: moto, kuna shimo, moto, punguza mwendo. Siku hiyo aliiuliza moto yeye amekosea nini. Walipofika kwenye dodane iliyofuata ikawa vilevile, naye akashuka, akafunga vizuri kitenge chake, akamaliza njia kwa miguu.

Jioni ujumbe ukaja kwa Nsimire, na Nsimire akaufikisha akiwa analia. Mama hapandi tena.

"Jicho ni la mutu moja," alikuwa amesema. "Aibu ni ya familia mbili."

Hapo Byamungu angekuja kwangu, tungemaliza mapema. Lakini parkingi ina maprofesa wake, nao hawaoni haya kufundisha bure. Wakamwambia fourche inazama kwa sababu huile ni nyembamba, na huko hawakukosea. Wakamwambia dawa yake ni mawese. Mafuta ya mawese, yaleyale ya kupikia sombe. Asubuhi ya Bukavu mawese yanaganda kwenye chupa, kila mama mwenye jiko anajua, kwa hiyo, wakasema, yataganda na kwenye fourche, na kitu kilichoganda hakizami. Mimi niliposikia hesabu hiyo nilikaa chini. Kosa la aina hii huwezi kulifanya mahali pengine. Lazima uwe na mawese bora, baridi ya mlimani, na marafiki.

Nsimire akambembeleza mama yake mara ya pili. Akakubali kwa jicho lake, si kwa mkwe. Asubuhi, kweli, fourche haikuzama hata kidogo. Haikusogea hata kidogo. Kila jiwe la Mudaka lilipanda gurudumuni, likapita kwenye usukani, likaingia uti wa mgongo wa mama yule na kutokea kwenye kilemba. Lakini kikapu kilifika kizima, na heshima pia. Daktari alipomwona akauliza amepigwa na nani. Walipomweleza, akasema siku ya kumpasua akirudishwa nyumbani kwa mtikisiko wa namna hii, basi yeye asisumbuke kupasua.

Mchana wakarudi. Jua lilikuwa limewaka, mawese yameyeyuka, yamekuwa supu. Dodane ya kwanza, chapati. Asubuhi heshima, mchana aibu, kwa mafuta yaleyale.

Ndipo Byamungu akanijia akiisukuma moto kwa mkono. Mawese yalikuwa yanachuruzika mekundu kwenye miguu yote miwili, maana zile raba zinazozuia huile isitoke, spi, zilikuwa zimelegea. Inzi walikuwa wamemsindikiza kutoka Nyawera. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kustaafu, nagawa funguo zangu kwa watu ambao wamezipoteza tangu wakati huo. Akaniambia anataka fourche isiyozama wala kuruka. Nilimwambia kwamba anayoitafuta ni kama ndoa ya watu wengine, haina kasoro ukiitazama kwa mbali tu, achague kimoja.

Hakucheka.

"Papa, nikichagua kimoja, mama anabaki kipofu. Siku ya kupasua iko karibu. Na Nsimire haniangaliake tena."

Nikachukua tena funguo zilizokuwa zimebaki.

Nawaambia ukweli, sikuwahi kufungua fourche yenye harufu nzuri kama ile. Paka hawakuja. Aliyekuja ni mama wa malewa, akauliza tunapika nini. Tuliosha, tukaosha tena, mawese hayatoki kwa aibu ndogo. Tulipotoa resori nikazisimamisha mezani pamoja na resori nzuri ya moto nyingine ya aina hiyo. Za Byamungu zilikuwa fupi. Resori inazeeka kama sisi, inapungua kimo na haikubali. Nikakata vipande viwili vya bomba, sawasawa, nikaviweka juu yake ili zisimame tena. Sikilizeni hapo: resori ikiwa imechoka, usiiponye kwa huile nzito. Huile si mkongojo.

Spi mpya tukapata sokoni. Kisha nikachanganya dix na vingt, nikafika mahali pa quinze, pengine chini kidogo. Wengi wenu mkishachagua huile mnaona kazi imekwisha. Sasa bado kuna kimo. Ukikandamiza fourche mpaka chini bila resori, tazama huile inafikia wapi kutoka juu. Muzee Kashindi alipima kwa rayon, spoki ya baiskeli, akaitia alama kwa msumeno. Ile nafasi inayobaki juu ya huile ni hewa, na hewa nayo ni resori ya bure ambayo hamkuilipia. Ukiongeza huile kidogo, hewa inapungua, na fourche inabaki laini mwanzoni halafu inakaza mwishoni. Ni kama mtu mpole mwenye mpaka wake. Ukizidisha, spi zinapasuka na unarudi kwangu, na mimi sipo. Miguu yote miwili iwe sawa. Mmoja ukizidi, moto inakwenda kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Nani sasa atajaribu? Mama mwenyewe hakuna wa kumwomba, alishakataa. Kwa hiyo mimi, fundi mwenye jina mjini, nikawa mama mkwe. Nilipanda nyuma, kikapu katikati, mikono kwenye porte-bagage, mgongo umenyooka. Ndani ya kikapu niliweka nyanya zilizoiva ziwe mashahidi. Tukaenda kuelekea Mudaka. Wauza parachichi walisimama kututazama. Mmoja akaniuliza kama mwenzangu ana ugonjwa unaoambukiza.

Siku ya kwanza tulirudi na sosi. Nikaongeza huile, kidogo tu, kifuniko kwa kifuniko. Siku iliyofuata nyanya zikapona kwenye dodane zikafa kwenye mashimo ya kule juu, nikapunguza ile nzito nikaongeza nyepesi. Tuliendelea hivyo. Mke wangu alipika nyanya mpaka akauliza kama nimepata shamba. Na kila mara nilipohisi pua ya moto inazama, nilianza kuona kwamba shida nyingine haikuwa kwenye fourche. Byamungu alikuwa anashika frein ya mbele kama anamkamata mwizi wa mbuzi. Nilimwambia aanze na mguu, mkono ufuate, polepole, na shimo aanze kuliona kabla shimo halijamwona. Alikasirika. Alisema ameendesha tangu yuko kijana. Nikamjibu kwa sauti ya mama mkwe, nikiisemesha moto: wewe moto, ambia huyu mtu mkono wake ni mzito. Hapo akacheka kwa mara ya kwanza, na mkono ukalegea. Chagueni huile yoyote mtakayo, vijana, mkono wa dereva ndio unaoikoroga.

Nyanya zikafika nzima kwenda na kurudi. Nsimire akapeleka ujumbe juu, na sijui alisema nini, lakini mama alikubali mara ya tatu.

Siku ya kupasuliwa nilikwenda kukaa kando ya barabara, kwenye dodane ileile, nikajifanya nanunua parachichi. Asubuhi walipita. Fourche ikainama, ikasimama, ikapanda mara moja, ikatulia. Hivyo ndivyo fourche nzuri inavyofanya, inapanda mara moja na haipandi tena kuuliza. Kikapu kilikuwa kimesimama. Baadaye walirudi, jicho limefungwa kwa bendeji nyeupe, kwa hiyo mama alikuwa haoni kabisa, haoni njia wala dodane wala mimi. Alikuwa amekaa wima nyuma ya mkwe wake, gizani, mikono nyuma, kikapu mbele, na moto ikapita pale juu kama inapita kwenye mkeka. Nilifurahi sana. Nilifurahi kuliko kwenye sherehe yangu ya kustaafu, ambayo haikufanywa.

Bendeji ikaondolewa. Daktari akasema jicho ni zuri, aendelee kuja kukaguliwa. Wakawa wanapita, na mimi nikarudi nyumbani kustaafu kwa dhati. Hakuna aliyekuja kuniambia asante, jambo ambalo ni dalili ya kazi iliyofanyika vizuri. Watu hurudi kwa fundi pale kitu kinapoharibika.

Ndiyo maana nilishtuka nilipomwona Byamungu mlangoni, jasho usoni, moto ameiegesha pembeni.

"Papa, huile imeharibika. Leo mama alinigusa."

Nikachuchumaa, na mgongo ukasema maneno yake. Nilipitisha kidole kwenye miguu ya fourche juu ya spi, kikatoka kikavu. Nikashika frein ya mbele nikasukuma usukani kwa nguvu. Ikainama, ikapanda mara moja, ikatulia. Nikanusa, maana mwanafunzi wa Kashindi hawezi kuacha kunusa. Haikuwa na harufu yoyote. Nikamuuliza imetokea kwenye dodane ipi.

Akasema haikuwa kwenye dodane. Ilikuwa kule juu karibu na nyumbani, mahali njia imenyooka, na hata hakuwa amefunga frein. Mama alimshika begani tu, akabaki amemshika mpaka mlangoni.

Nikamuuliza kikapu kilikuwa wapi.

"Alikifunga nyuma, ku porte-bagage." Alisema hivyo kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwa jirani.

Nikamuuliza mama aliiambia nini moto.

"Moto hakuiambia kitu, Papa. Aliniambia mimi. Alisema, Byamungu, kumbe uko na imvi."

Nikasimama polepole, nikashikilia usukani wake. Nilimwambia huile iko nzuri, asiiguse. Alikuwa amevua kofia ya moto, amegeuka kutazama njia ya Mudaka, na mkono mmoja ulikuwa kisogoni, unapapasa nywele pale ambapo yeye mwenyewe hajawahi kupaona.